Nia Yangu Ilikuwa Kutompigia Mama Kelele

Mimi ni fundi wa kushona sare za shule mjini Kisii, na kabla sijafika mbali nikiri mapema: nina hasira. Si hasira za kutupa vitu. Zangu ni za mdomo, na mdomo wangu hauna breki. Kuna mzazi aliyekuja dukani kulalamika kwamba sketi niliyomshonea binti yake ni fupi. Nikamwambia sketi ni ile ile, mtoto ndiye amerefuka, na kama hataki arefuke ampunguzie ugali. Akahamia kwa fundi wa jengo la pili, na mashemeji zake wote wakamfuata. Mume wangu husema ningenyamaza mwaka mmoja tu, tungekuwa tumejenga.

Kwa hiyo msidhani nilienda yoga kutafuta amani. Nilipelekwa na mgongo. Zaidi ya miaka ishirini nimeinama juu ya cherehani, na asubuhi moja nikainama kuokota chaki, nikashindwa kuinuka. Nilikaa pale chini nikimpimia mteja kiuno kutoka magotini kwake. Daktari akanipa vidonge, akaniambia nitafute na mazoezi ya kunyoosha mgongo.

Aliyenionyesha njia ni rafiki yangu anayeuza ndizi kwa jumla pale soko la Daraja Mbili. Ni mama mwenye kifua na sauti, anayeweza kubeba mkungu begani huku akibishana na watu watatu, na huyo ndiye aliyeniambia kwamba kila Jumanne na Alhamisi jioni huenda yoga, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilicheka mpaka mgongo ukanikata.

"Cheka tu," akasema. "Mimi nashika vidole vya miguu bila kukunja goti. Wewe unashika nini?"

Nikaenda, kwa wivu.

Mwalimu wetu alikuwa msichana mwembamba kutoka Nairobi, aliyeolewa huku kwetu. Sauti yake ilikuwa ya chini mno, na huko chini walikuwa wanakata vyuma, kwa hiyo tulikuwa tunapumua kwa kukisia. Kabla ya kuanza alitaka kila mtu afumbe macho na aweke nia. Kitu kimoja, alisema, kidogo, cha leo, na kiwe chako. Si ombi kwa Mungu wala si ahadi kwa watu. Ni kuchagua tu unataka kuwa mtu wa namna gani mpaka jioni.

Rafiki yangu hakungoja kuulizwa mara mbili. "Nia yangu ni madereva wa lori waache uongo."

"Hiyo ni nia ya madereva," mwalimu akasema. "Yako ni gani?"

"Ni hiyo hiyo. Wakiacha uongo, mimi nitatulia."

Mimi nikasema nia yangu ni mgongo upone. Mwalimu akanieleza kwa upole kwamba hayo ni matokeo, si nia. Nikakasirika. Nimelala chali kwenye mkeka, nimevaa soksi za mtoto wangu, nimekasirika kwa sababu ya kuambiwa jambo kwa upole! Hapo hapo nikajua ugonjwa wangu hauko mgongoni peke yake.

Baada ya majuma mawili matatu nikapata yangu: leo sitapandisha sauti. Niliiandika kwa chaki ubavuni mwa cherehani. Siku ya kwanza ilidumu mpaka saa tatu asubuhi. Siku ya pili nilijitahidi, nikazungumza na wateja kwa sauti ya chini kabisa, na wao wakaogopa zaidi. Mmoja aliniuliza kama nina homa. Mwingine alimwita mume wangu kando akamuuliza nimefiwa na nani. Lakini mambo yakawa yanaenda. Ikapita siku nzima. Ikapita juma. Sikuwa mpole, ila nilikuwa nimejifunza kuvuta pumzi kati ya hasira na neno, na wakati mwingine neno lilichoka kungoja likaenda zake.

Isipokuwa kwa mama.

Mama yangu anaishi upande wa Nyamira, kwenye kilima cha majani chai. Ni Msabato, mjane, na anachuma chai yake mwenyewe katika umri ambao wenzake wamekaa kuota jua. Mhudumu wa afya wa kijijini alikuwa amemkagua akamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba akikawia sana itafika siku hata upasuaji hautasaidia. Mimi nikahangaika, nikaulizia, nikasikia madaktari wa macho wanakuja hospitalini kwa siku mbili, nikapanga foleni, nikamwandikisha. Siku yake ilikuwa Jumatano. Nilipomwambia kwa simu, nilitarajia ashukuru.

"Yaaya," akasema. Hiyo ni hapana yetu ya Ekegusii, na mama akiitamka huwa imeshafungwa kwa kufuli. "Naona vizuri tu. Macho ni yangu."

Nikavuta pumzi. Nikavuta ya pili. Ya tatu ikatoka na moto.

"Mama, acha kudeka! Watu wanafanyiwa kila siku, wanarudi nyumbani jioni! Unataka tukushike mkono kwenda chooni?"

Simu ikakatika. Mtandao wa kwa mama una tabia ya kukatika nikipandisha sauti. Nilipiga mara nne siku hizo, na mara zote nne nilianza na nia nikamaliza na kelele.

Alhamisi jioni, tukikunja mikeka, nikamlalamikia rafiki yangu wa ndizi. Nikamwambia sasa naenda mwenyewe, nitakaa naye Ijumaa mpaka Jumatano, na nia yangu ni moja, kutompigia mama kelele hata kidogo, nimbembeleze mpaka akubali.

Akaniangalia kama anavyoangalia ndizi zilizoivishwa kwa nguvu.

"Wewe nia yako ni kumshinda mama yako kwa sauti ndogo," akasema. "Kushinda ni kule kule."

"Nani amekuuliza?"

"Hujaniuliza. Nimekupa tu, kama nyongeza ya ndizi."

Nikamnunia mpaka kwenye ngazi.

Ijumaa nilifika kabla jua halijatua, kwa sababu Sabato ikiingia ukiwa bado unapika, kwa mama huo ni ugomvi mwingine. Alikuwa ameshamaliza kila kitu: maziwa, mboga ya chinsaga iliyochemshwa mpaka uchungu ukaisha, ugali chini ya sahani. Alinikumbatia, akanishika mabega, akasema nimekonda. Sijakonda tangu nizae. Nikachukulia kwamba ni maneno tu ya mama.

Niliingia chumbani, nikaning'iniza koti langu kwenye msumari wa mlangoni. Nikiwa huko ndani nikasikia mama sebuleni akisema kwa sauti ya kukaribisha wageni, "Karibu, karibu uketi, mbona unasimama mlangoni?" Nikachungulia nione ni nani. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na koti.

Niliondoa koti polepole. Sikusema kitu. Nikajipongeza, eti nimetunza nia.

Kesho yake tulienda kanisani, tukarudi, tukala, na mchana tukakaa uani. Nikaona ni wakati mzuri wa kumweleza habari ya yoga, ili aone vile binti yake amebadilika.

"Mnaabudu nini?" akauliza.

"Hatuabudu, mama. Tunanyoosha viungo. Halafu tunakaa kimya, tunapumua."

"Kwani hapa nyumbani hatupumui?"

"Tunapumua kwa kufuata pumzi."

"Inaenda wapi?"

Nikavuta hiyo pumzi. Akaendelea, kwa utulivu wa mtu anayechambua maharagwe. "Na mkimaliza kuifuata?"

Hapo nilifanya kosa la kusema kweli. Nikamwambia mwishoni tunalala chali, mikono pembeni, bila kujitikisa, na kwamba mlalo wenyewe unaitwa wa maiti.

"Kwa hiyo unafunga duka," mama akasema, "unaacha watoto wa watu bila sare, unapanda ghorofa, unajilaza kama maiti, na unalipa." Kisha akacheka, mabega yakitikisika, na mimi nikacheka, na kwa dakika hiyo nilimpenda mno nikasahau habari ya macho. Jioni nikaikumbuka. Nikabembeleza kwa sauti ya asali. Yaaya. Jumapili nikabembeleza tena, nikatumia hadi maandiko. Yaaya. Usiku huo nililala nimeuma meno, na siku zilikuwa zimebaki mbili.

Jumatatu alfajiri mama alijifunga kapu mgongoni akateremka shambani. Anachuma na fimbo ndefu, kama wachumaji wote: anailaza juu ya miti ya chai, na chipukizi zilizopita usawa wa fimbo ndizo anakata, majani mawili na ncha yake. Nilimsikia akishuka, akijiimbia wimbo wa kanisani. Nikasema moyoni, leo nikizungumza naye bila kujituliza kwanza, nitalipuka. Nikachukua mkeka, nikautandika uani mbele ya nyumba. Baridi ya kilimani ilikuwa kali, kwa hiyo nikajifunga leso kichwani na nyingine mabegani. Nikakunja miguu, nikaweka mikono magotini, viganja juu. Nikafumba macho. Nia: kutompigia mama kelele.

Mwalimu wetu ametufundisha kwamba sauti zikija usizifukuze wala usizikaribishe. Zije, zipite. Jogoo akaja akapita. Pikipiki ikaja ikapita. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, karibu kabisa.

"Bwakire."

Hiyo ni salamu ya asubuhi. Nikaiacha ipite.

"Bwakire mono. Wewe, si nakusalimu? Kuna nini hapa?"

Ipite.

"Mama yuko wapi?"

Ikapita nayo. Nilikuwa nimefika mahali pazuri sana pa utulivu, na moyoni nilikuwa najisifu jinsi jirani wa mama, mwenye mdomo unaojulikana vilima vitatu, ameshindwa kunitoa hapo.

Sasa nieleze kosa langu, na ni mimi wa kulielewa kuliko mtu yeyote, maana nilizaliwa hapo. Kwetu mwanamke hakai chini mbele ya nyumba asubuhi, kichwa kimefungwa leso, kimya, asiitikie salamu, bila sababu. Sababu huwa moja tu. Na binti wa mjini, aliyekuja ghafla na begi, akakaa siku nyingi kuliko kawaida, halafu mama mwenyewe haonekani?

Jirani akapiga unyende.

Aisee. Yeyote anayejua kilio cha Kisii anajua hakina mwanzo wa chini. Kinaanzia juu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikakiambia kije na kipite. Nilidhani ni majaribu. Kikajibiwa kutoka ng'ambo ya mto, kikajibiwa tena kutoka kule njia ya shule, na nikafumbua macho pale tu mtu alipoanguka mabegani mwangu akilia, "Ametuacha! Ametuacha, na juzi tu tumekaa naye kanisani!"

Wanawake walikuwa wanne, na watano alikuwa anaingia langoni na sufuria kubwa ya kupikia waombolezaji. Mzee mmoja alikuwa ameshatoa viti viwili sebuleni na kuvipanga. Kazi ya msiba kwetu haingojei uthibitisho.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Pole, mtoto wetu. Lia tu," jirani akasema akinibana kichwa kifuani pake.

"Hakuna aliyekufa! Mama yuko shambani!"

"Wote tunasema hivyo mwanzoni," akanibembeleza.

Na hapo ndipo marehemu alipotokea. Alikuja kutoka kwenye chai, kapu mgongoni, akipanda mbio. Aliyemwona kwanza ni yule wa sufuria, akaiangusha na kukimbilia nyuma ya choo. Wengine wakakauka midomo wazi. Ningecheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nicheke.

Lakini mama alikuwa amechafuka matope upande mzima. Alikuwa ameanguka akipanda. Goti lilikuwa linavuja damu, na kilemba hakipo. Alikuwa amesikia kilio kikitoka nyumbani kwake, na nyumbani kwake alikuwa ameacha mtu mmoja tu.

"Ni nani?" akauliza. "Semeni. Ni mtoto wangu?"

Hakuna aliyejibu. Walikuwa bado wanamwogopa. Basi akamwendea aliyekuwa karibu, akamshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa, paji, pua, mashavu, akauacha. Akaenda kwa wa pili. Akaupapasa, akauacha. Alikuwa anatafuta. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake, nje ya nyumba, jua likiwa limetoka. Akanigeukia, akanitazama usoni kabisa.

"Mtoto wangu yuko wapi?" akaniuliza.

Nilishika mikono yake nikaiweka usoni pangu. "Mama, ni mimi. Niko hapa. Ni mimi." Vidole vyake vilikuwa vinanuka majani mabichi. Vilipita kwenye pua yangu, vikafika kwenye kovu la nyusi nililopata utotoni, vikasimama hapo. Akaketi chini pale pale, mzimamzima, na kapu lake.

Watu waliondoka kwa aibu, wakivirudisha viti. Jirani alibaki langoni akisema na yeye angejuaje, mtu unamsalimia mara tatu. Alikuwa na haki.

Jikoni nilimwosha mama goti kwa maji ya uvuguvugu. Nikafikiria koti. Nikafikiria alivyoniambia nimekonda. Nikafikiria jinsi alivyotembea kanisani ameshika mkono wangu, nikadhani ni mapenzi. Chai alikuwa anaichuma kwa vidole, fimbo ikimwonyesha usawa. Alikuwa haoni. Na alinificha, na mimi nikafichika.

Nia ikaniponyoka yote. "Huoni!" nikapiga kelele, nikilia. "Huoni hata mimi! Tangu lini? Tangu lini, mama?"

Hakukata simu, maana hakukuwa na simu ya kukata. Aliinamisha kichwa akangoja, kama mtu anayengojea mvua ipite. Na kelele zikaisha zenyewe, nikabaki na kitambaa mkononi. Sikuwa na hoja nyingine. Sikuwa na sauti ya asali wala ya moto. Ndipo nikauliza jambo ambalo katika simu zote nne sikuwahi kuliuliza.

"Unaogopa nini?"

Mama alijibu kana kwamba alikuwa anangoja tu kuulizwa.

"Baba yako alisimama mlangoni hapo," akasema. "Siku ya kwenda kufanyiwa lile tumbo. Akasema tungoje kidogo, hajisikii vizuri moyoni. Mimi nilikuwa na chai ya kupeleka, nimechelewa. Nikamwambia, acha kudeka. Watu wanafanyiwa kila siku."

Nilikuwa kidato cha pili baba alipokufa. Kwangu mimi ilikuwa ni kwamba aliugua, akapelekwa, hakurudi. Nakumbuka mvua na turubai. Hilo la mlangoni sikuwahi kulisikia.

"Nilimfokea akaenda," mama akasema. "Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kutoka kwangu. Sasa ukinipigia simu na sauti ile, najisikia mimi mwenyewe. Naisikia sauti yangu."

Nilifunga goti lake kwa kitambaa safi, nikakaa kwenye kigoda karibu naye, tukaangalia moto. Sikumwambia kwamba si kosa lake, ingawa si kosa lake, kwa sababu nilijua atasema yaaya. Nilimwambia samahani. Akanipapasa goti. Baada ya muda mrefu akasema Jumatano ataenda, ila nisimharakishe.

Sikumharakisha. Jumatano alioga polepole, akavaa gauni la Sabato katikati ya juma, akasali, akasali tena. Alimuaga ng'ombe. Akaniuliza kama jirani atakumbuka kumkamua, akaenda kuhakikisha mwenyewe, yeye na jirani wakasimulia kifo chake upya huko uzioni kwa dakika nyingi, wakicheka. Mimi nilisimama njiani nikipumua kama mwanamke anayejifungua.

Hospitalini walimtia dawa ya matone, wakamchora alama ya kalamu juu ya jicho la kuanza nalo, wakatuketisha kwenye benchi. Watu mbele yetu waliingia mmoja mmoja. Nesi akatokea mlangoni akaita jina la mama.

Mama akanishika kifundo cha mkono.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Nieleze kilichonijia mdomoni, maana kilikuwa kingi na kilikuwa kimepangika. Mama, tumeshafika. Mama, jina limeitwa. Mama, nimepanga foleni, nimefunga duka, madaktari wanaondoka kesho. Na chini ya yote hayo, yale mengine mawili, acha kudeka, yakisukuma yatoke kwanza. Nilivuta pumzi moja. Nilitaka aingie kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilikuwa nimeona uso wake pale uani, ukinitafuta huku nimesimama mbele yake, na sikutaka kuuona uso huo tena maisha yangu yote.

"Sawa, mama," nikasema. "Twende."

Nikamwambia nesi atusamehe. Nikachukua begi. Nikampa mkono, tukaanza kutembea kwenye ukumbi ule mrefu, tukapita dirisha la dawa, tukatoka nje juani, tukafika karibu na lango. Sikuwa namjaribu. Nilikuwa nahesabu kichwani nani atakayekaa naye, na cherehani yangu ingeweza kukaa wapi sebuleni kwake. Askari akaanza kutufungulia.

Mama akasimama.

"Kweli ungenirudisha?"

"Si ndiyo nakurudisha?"

"Na macho?"

"Nitakuwa nakuja kukusomea Biblia kila Sabato."

"Wewe?" akasema. "Unasoma kama mtu anayefukuzwa na nyuki." Lakini hakucheka. Alisimama, ameshika mkono wangu, uso ameuelekeza kwenye sauti ya barabara. Askari alichoka kungoja, akalifunga lango tena.

"Baba yako hakuna aliyemwambia anaweza kurudi nyumbani," mama akasema.

Kisha akageuka mwenyewe. Aliuacha mkono wangu, akautafuta ukuta, akaanza kurudi kule tulikotoka, kiganja kikitambaa ukutani, na mimi nikamfuata nyuma na begi, kwa mwendo wake. Nesi alikuwa bado mlangoni. Mama akamnyooshea mkono kabla hajaitwa tena.